Mwaka wa Matango Machungu

Mama Mutua tulimzika Kalamba wiki iliyopita, kwenye shamba la mwanawe. Baada ya maombi, watu walipopanga foleni ya chakula kwenye hema, kijana mmoja wa wale wanaokodiwa kupika mazishini alinisogezea bakuli la mtindi uliochanganywa na matango. "Jaribu hii, auntie. Inaitwa tzatziki, ni ya Wagiriki. Inaenda poa sana na kuku." Nikamwuliza kama ameonja. Akasema ameonja. Nikamwambia aonje tena, nikimwona. Alidhani namtania, akaangalia huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye, lakini sikuwa natania, na alipouona uso wangu alichukua kijiko, akaonja, akameza. Ndipo nikapokea sahani. Mimi ni mwanamke mzima, nina wajukuu, nina biashara yangu ya upishi pale Mukuyuni, na nimepika harusi ambazo huyo kijana angepewa azipike angelia. Lakini mbele ya bakuli lile niligoma kusogea, foleni ikasimama, hadi mtu aliyekuwa nyuma yangu akanishika kiwiko, akidhani ni uchungu wa msiba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uchungu wa msiba ulikuwepo pia, sikatai, ila kilichonisimamisha kwanza kilikuwa hasira, na hasira yenyewe ni ya miaka mingi.

Kwetu ni Kitui, upande wa Mutomo, na kuhusu kwetu hayo yanatosha. Mwaka ninaousema ni ule niliomaliza shule nikaenda Mtito Andei kutafuta kazi, nikaipata siku hiyo hiyo kwa sababu msichana aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ametoroka, meno ya mbele yamevunjwa. Hoteli ilikuwa kando ya barabara ya Mombasa, mahali malori yanapoegeshwa. Mbele kulikuwa na chumba cha kulia kilichopakwa rangi ya samawati mpaka usawa wa kiuno, na juu ya rangi hiyo kuta zilikuwa na madoa ya mafuta ya vichwa vya madereva waliosinzia wakiegemea. Nyuma kulikuwa na jiko la mabati, nyuma ya jiko ua wa miiba, na baada ya ua vichaka vya mbuga, ambako ndovu walitusikia tukiosha vyombo. Mimi na Mama Mutua, aliyekuwa mpishi pale, tulilala stoo, katikati ya magunia ya vitunguu na mchele, na ukuta wa mbao uliotutenga na chumba cha wageni ulipitisha kila kitu. Niliyoyasikia kupitia ukuta ule sitayaandika yote. Nilisikia mwanamke akipigwa kwa mkanda na kuombwa msamaha kwa pumzi ile ile. Nilisikia utingo wawili wakipanga kumchoma kisu wa tatu, na asubuhi yake nikawapelekea chai na mandazi wote watatu wakiwa meza moja. Mambo yakizidi, Mama Mutua aligonga ukuta kwa mchi wa kinu, mara moja tu, na kwa muda tulipata kimya.

Mwenye hoteli aliitwa Musyoka. Alikuwa amepikia familia ya Kihindi Mombasa kwa miaka mingi, akarudi na mapishi na mkono mwepesi. Sijui kama huo mkono nao alifundishwa huko. Mwiko wake uliijua migongo yetu kuliko ulivyoijua sufuria. Alinipiga kwa sababu ya chumvi, alinipiga kwa sababu ya majivu yaliyoingia kwenye chai, na siku moja alinirushia sinia kwa kuwa nilikuwa nimekamua matango vibaya, likanipasua juu ya jicho. Kovu lingalipo, na watu hudhani nilipata ajali. Lakini huyo Musyoka alikuwa na akili moja ambayo sijaiona kwa mpishi mwingine yeyote wa barabara ile. Aliamini kwamba kila mtu anayeshuka kwenye gari akiwa na joto na vumbi, awe anatoka wapi, kwao kuna bakuli la maziwa yaliyoganda lenye kitu cha kijani ndani yake, na kwamba ukimpa la kwao, si la jirani yake, lazima atarudi. Kwa hivyo tuliweka ndoo ya mtindi na kapu la matango, na kutoka hapo tukamtengenezea kila mtu lake.

Wahindi waliokuwa wakishuka pwani na familia zao walitaka matango yaliyokunwa, mtindi usio mzito wala mwepesi, bizari nzima ikaangwe kavu mpaka itoe moshi ndipo isagwe, dania, na pilipili mbichi. Watu wa Mombasa wenyewe, wakiagiza biriani, walitaka yaliyokatwa vipande vidogo, ndimu na chumvi, basi. Ukiwawekea bizari wanasema umeharibu. Mturuki mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye kambi ya barabara alitaka la kunywa, lenye maji baridi, kitunguu saumu na nanaa iliyokaushwa. Mgiriki mzee wa shamba la mkonge alitaka kinyume kabisa: tango likamuliwe kwenye kitambaa lisibaki na tone, mtindi utundikwe uchuje hadi uwe mzito wa kusimamisha kijiko, kisha yatiwe mafuta ya zeituni aliyokuja nayo mwenyewe kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Siku moja hoteli ilijaa, hao wawili wakakaa meza moja, na kila mmoja akaonja la mwenzake. "Hii ya wewe ni plasta ya ukuta," Mturuki akasema kwa Kiswahili chake. Mgiriki akajibu kwamba yeye hanywi maji ya kuoshea sahani. Nilicheka, na kabla sijamaliza kucheka uma ulikuwa umepita kwenye kiganja cha Mgiriki na kugonga mbao, na mtindi mezani ukageuka rangi. Musyoka aliwatenganisha kwa kuwachapa wote wawili kwa mwiko. Walirudi wiki iliyofuata, kila mtu na meza yake.

Madereva Wasomali ndio pekee waliokataa. Walikuwa na maziwa yao ya ngamia, machachu, kwenye dumu, na tango walilitaka kando ya wali pamoja na ndizi na pilipili, lisiguse maziwa. Mmoja wao, Abdi, alinieleza bila kuinua macho kwamba maziwa ni ya kunywa na tango ni la kutafuna, na mtu hana vinywa viwili. Siku aliyoniambia hivyo shati lake lilikuwa limekaukiana na damu kutoka begani hadi kiunoni. Majambazi walikuwa wamempiga risasi utingo wake njiani, na kijana yule alikuwa amemfia mapajani. Abdi alikula wali wote, akaomba maji, akanawa, akaondoka. Mama yangu angekubaliana naye kuhusu tango: sisi Wakamba maziwa lala yetu ni ya kibuyu, yanaenda na ugali, na tango ni la kutafuna shambani ukipalilia. Baadaye, nilipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, nilikutana na la Waajemi pia, lenye zabibu kavu na maua ya waridi, nikalila kwa adabu nikaenda kulala. Nikiyalinganisha yote, la Kihindi lina akili zaidi, la Mgiriki ni tamu zaidi, na la Mturuki ndilo pekee linalokata kiu. Ila yote yana hatari moja, ambayo aliniambia Mama Mutua: mtindi na viungo huificha ladha ya tango mpaka uwe umeshameza.

Mama Mutua ndiye aliyeshika matango. Alikuwa wa Kitui kama mimi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya madereva wainame kumsikia. Kila tango alilikata kichwa upande wa kikonyo, akakisugua kichwa kile kwenye tango lenyewe mpaka povu jeupe likatoka, akaosha, kisha akakata kipande chembamba akakionja. Kila tango, si moja kwa kapu zima. Nilimwuliza kazi yote hiyo ni ya nini. "Hizi ni kama watoto wa nyumba moja," akaniambia. "Mama ni mmoja, baba ni mmoja, na mmoja wao ni mchungu." Bakuli likiisha kuchanganywa alionja tena, na mteja akiwa Mkamba alionja mbele ya macho yake, kwa kuwa kwetu anayekupa kinywaji hunywa kwanza. Ukipewa kibuyu na mwenyeji hajakigusa, unakiweka chini na kutafuta kofia yako. Kwa watu wengi hiyo ni adabu tu, lakini kwa Mama Mutua ilikuwa uhai wake. Mumewe alikuwa amekufa ghafla huko Kitui, shemeji zake wakasema ni yeye, wakamwita muoi, yaani mchawi, wakaichoma nyumba, wakamchapa viboko njia nzima hadi barabarani, na mtoto wao Mutua wakabaki naye. Alinisimulia hayo akikuna matango, bila kusimamisha mkono.

Mvua za Novemba hazikuja. Desemba ikapita nyeupe, bila wingu. Ndovu wakaanza kuvunja ua kufuata maji yetu ya kuoshea vyombo, na mama mmoja jirani, aliyetoka na sufuria akipiga kelele kuwafukuza, alikanyagwa kwenye pipa lake la maji; tulimtambua kwa leso. Kwenye kisima watu walipigana kwa mapanga, na mchinjaji wetu wa mbuzi akapoteza mkono huko huko, mkono wa kazi. Ndipo kanisani kwetu, kanisa la mabati nyuma ya kituo cha petroli, pasta akatangaza mfungo mkavu wa siku tatu wa kuombea mvua, bila chakula wala maji mpaka jua la siku ya tatu lizame. "Hata ulimi usiguse chumvi," alisema. "Mtu akiingiza kitu kwa mdomo, hata kama ni kuonja tu, ameiba mvua ya wenzake." Mama Mutua alisimama mbele ya watu wote akaweka nadhiri, nami nikasimama nyuma yake. Musyoka alipopata habari alitukana mpaka akakauka. "Mpishi mwenye haonji ni dereva amefunga macho," alisema. Lakini hakuweza kutufukuza, maana nani mwingine angekubali mwiko ule? Siku mbili alionja yeye mwenyewe kila kitu, akinung'unika. Siku ya tatu alitoka asubuhi kwenda mbali kutafuta nyama, kwa kuwa hatukuwa tena na mchinjaji.

Matango ya siku hiyo yaliletwa kutoka Kalamba na mchuuzi tuliyemzoea. Yalikuwa mazuri kwa macho, madogo kidogo, ya kijani kilichokolea. Miaka mingi baadaye mkulima wa Kalamba aliniambia kwamba tango likinyimwa maji kwa muda mrefu hugeuka chungu, na uchungu wenyewe ni sumu; ukila mengi unatapika hadi nyongo. Ukame ule ule tuliokuwa tukifunga kwa ajili yake ndio uliokuwa ndani ya kapu. Mama Mutua aliyakata vichwa, akayasugua, yakatoa povu kuliko kawaida. "Hizi leo zinatoa povu mingi," aliniambia, akasugua mara ya pili, akaosha kwa maji ambayo hatukuwa nayo ya kutosha. Kisha akatia mtindi, bizari, pilipili, dania. Alikichukua kijiko kwa mazoea, akakiangalia, akakirudisha. Hakuonja, nami sikuonja. Tulikuwa tumeahidi, na mpaka leo sikubali mtu aniambie kwamba tulikosea.

Adhuhuri chumba kilijaa. Mwangangi, mwuzaji mkubwa wa makaa pale mjini, alikaa mahali pake pa kila siku. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo ingawa linanikera. Mwezi uliotangulia alikuwa amemzika mdogo wake, aliyekufa tumbo likiwa limevimba, na hakuna daktari aliyemwambia kwa nini. Alikuwa amekula nusu bakuli pamoja na pilau alipoweka kijiko chini. Meza ya pili utingo mmoja alikuwa ameshatoka nje kutapika, na mwenzake amejikunja ameshika tumbo. Mwangangi aliita jikoni, wala si kwa sauti ya juu.

"Mama Mutua, kuja hapa."

Akaja akijifuta mikono kwa aproni.

"Hii kitu ni chungu. Hebu onja."

"Nimefunga, baba."

"Najua umefunga. Kijiko moja tu."

"Siwezi, niliapa mbele ya Mungu. Kama imeharibika wacha nitoe, nikupee ingine."

"Sitaki ingine. Nataka uonje hii yenye umenipatia."

Nilikuwa mlangoni mwa jiko na niliuona uso wake. Hakuwa mjinga, alijua anachoulizwa, na alijua zaidi ya sisi wote Mkamba akikataa kuonja alichokitoa kwa mkono wake anakuwa amesema nini. Kijiko kimoja na yote yangekwisha. Na kijiko hicho hicho, kwa imani yake, kilikuwa mvua ya Kitui na Makueni nzima, mvua ya shamba lake lililolimwa sasa na wengine, mvua ya sahani ya mwanawe huko alikobaki. Alitikisa kichwa. "Nisamehe, baba," akasema. Mtu wa nyuma akasema, "Mkamba gani anakataa kuonja?" Mwingine akajibu, "Huyu ni wa Kitui. Mnajua huko walimfukuza? Ni muoi." Mimi sikuwa na imani ya kiasi hicho, au niseme tu kwamba nilimpenda kuliko nilivyoipenda mvua. Niliruka mezani nikanyakua bakuli nikala, kijiko baada ya kijiko, uchungu ukinikaza taya, mpaka nikaramba chini. "Mmeona?" nikawaambia. Mwangangi alinitazama kwa huruma kabisa. "Si wewe ulitengeneza," akasema. "Ni mkono yenye ilitengeneza ndio inaonja." Tumbo langu halikuwa limepata kitu siku tatu. Nilitapika pale pale, miguuni pake, na mtu akapiga yowe kwamba ameua na huyu mtoto pia.

Kiti cha kwanza kilimpata Mama Mutua mkono wa kulia, na mlio wa mfupa ule niliusikia juu ya kelele zote. Walimvuta kwa kitambaa cha kichwa, kikatoka, wakamvuta kwa nywele. Walimpitisha kati ya meza wakimpiga kwa chupa, kwa mateke, kwa sufuria zetu wenyewe tulizozisugua asubuhi. Alipofika kizingitini alishika fremu ya mlango kwa mkono uliobaki, na mtu akamkanyaga vidole kimoja kimoja hadi akaachia. Nilimwuma mtu bega. Sijui alikuwa nani, najua tu niliuma mpaka meno yakakutana, nikapigwa ngumi ya sikio nikaanguka. Nje watu walikuwa wameongezeka, watu ambao hawakula chochote kwetu, na mawe yalikuwa yameanza. Niliona mwanamke wa kwaya yetu akirusha jiwe huku shavu moja limejaa mkate. Jiwe moja lilimvunja Mama Mutua taya. Tairi lilikuja likivingirishwa kwa furaha, kwa mkono mmoja, na kijana mmoja alikuwa ameshakimbilia kituo cha petroli. Mama Mutua alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi. Midomo yake ilikuwa ikisogea, na ninajua haikuwa ikituomba sisi.

Musyoka alirudi wakati huo, mbuzi aliyechinjwa akiwa begani. Aliangusha nyama, akapita katikati ya watu akaingia jikoni, akatoka ameshika karai la mafuta yaliyokuwa motoni kwa ajili ya sambusa, amelishika kwa magunia, mafuta yakimrukia mikononi. Akasimama mbele ya Mama Mutua. "Si mnataka kuonjeshwa?" akasema. "Kujeni basi." Mwangangi alipiga hatua, sijui kama alitaka kupigana au kusema kitu, na Musyoka akamwagia kuanzia shingo hadi kifua. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile, na nimesikia nyingi. Watu walitawanyika. Mimi nilifurahi. Nimeokoka tena na tena tangu siku ile, nimehubiriwa msamaha na watu wa kila dhehebu, na furaha ile haijanitoka hata kidogo. Mtu aliyenipasua uso kwa sinia ndiye peke yake, katika mji mzima wa watu wa Mungu, aliyesimama pale. Walimfunga kwa ajili ya mafuta yale, na alipotoka jela hakukuta hoteli, walikuwa wameipora na kuichoma. Abdi alikuwa ameegesha lori lake ng'ambo ya barabara. Alilirudisha nyuma hadi miguuni petu, akashuka, akambeba Mama Mutua mwenyewe, na akatupeleka hospitali. Njiani alisimama mara moja kumpa maji, na Mama Mutua akageuza uso.

Hospitalini, alasiri ile ile, walimfunga taya kwa bendeji na mkono kwa plasta, wakamlaza kwenye kitanda karibu na dirisha. Nesi alileta chai ya maziwa na mrija. Mama Mutua alikaza midomo. Nesi akanigeukia akasema niongee na mama yangu, atakufa kwa kiu kabla hajafa kwa mawe. Nilimsihi. Nilimwambia Mungu ameona, inatosha. Nilimwambia kama ni mvua, mimi nimeshaiiba, nimekula bakuli zima, kwa hivyo yake haina kazi tena. Alinisikiliza kwa lile jicho lililoweza kufunguka na hakubadilika. Nilikuwa bado namsihi pasta alipoingia, na shati safi, Biblia kwapani, mke wake nyuma na chupa ya uji. Aliomba kwa muda mrefu na vizuri. Kisha akaiona chai iliyowekwa kando, akauliza kwa nini hanywi, nikamwambia mfungo haujaisha.

"Mfungo?" pasta akasema. "Lakini mama, mwaitu, mfungo si tulifungua jana asubuhi? Wazee waliona watu wanaishiwa na nguvu. Tulitangaza kanisani. Kumbe nyinyi mlikuwa kazini."

Mke wake alianza kufungua chupa ya uji, akaacha katikati. Nilitaka kumpiga pasta. Nilikuwa na nguvu hiyo, ningemrukia na ile Biblia yake, na sijui ni nini kilichonizuia zaidi ya kwamba Mama Mutua alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, ule wa vidole vilivyokanyagwa. Alitaka kusema. Ilibidi tuiname wote watatu, kwa kuwa sauti ilipita kwenye meno yaliyofungwa.

"Na mvua mkaachia nani?" akamwuliza.

Pasta alisema kitu kuhusu neema, akatazama viatu vyake, akasema tena kitu kuhusu neema, kisha akakumbuka kwamba kuna wagonjwa wengine wa kuwaombea. Mke wake aliiacha chupa ya uji sakafuni akamfuata. Mama Mutua hakuwaangalia wakitoka. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa dirisha, lakini kwa jinsi alivyolazwa hakuweza kuona zaidi ya ukuta.

"Mbithe," akaniita. "Jua liko wapi?"

Nilisimama nikaangalia. Lilikuwa juu ya miti, jekundu, halina wingu hata moja karibu nalo.

"Bado," nikamwambia.

"Basi ngoja."

Nikakaa kando ya kitanda na kikombe mkononi, chai ikapoa, nikiwachukia watu wote niliowajua duniani isipokuwa yeye.